Mwaka Nilipomwonea Wivu Mtu wa Redio

Mke wangu alimlilia Bra Jabu kuliko alivyomlilia kaka yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonikwama kooni siku ile ya kumbukumbu, katika ukumbi wa kanisa kule Morningside, nimevaa suti ya harusi ya binti yetu, nimeketi mstari wa tatu, na mke wangu kando yangu analowesha leso ya pili. Bra Jabu hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mtangazaji wa redio. "Bra" ni heshima tu ya watu wa hapa Durban, kama kumwita mtu kaka. Kwa miaka mingi, kila Jumapili tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja, alipiga nyimbo za R&B, zile za mapenzi za Wamarekani weusi zinazokwenda taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na katikati ya nyimbo akasoma barua za wasikilizaji. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tuliiita programu yake "ya polepole". Alipofariki, kituo chake kiliwaalika wasikilizaji waje waseme wanamkumbuka kwa lipi, na ukumbi ukajaa mpaka watu wakasimama ukutani.

Wakasema. Nesi mstaafu alisema alikuwa akipiga pasi sare zake za wiki nzima kwa sauti ya Bra Jabu, na kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kuiona sare ile ikiwa imenyooka kama yeye asiyeiona kabisa. Dereva wa taxi alisema Jumapili abiria wake hawakudai chenji mpaka wimbo uishe. Mama mmoja wa Kihindi, mkongwe, ameshikwa mkono na mjukuu, alisema mumewe alimwomba uchumba kwa barua iliyosomwa redioni, ilhali mwenyewe alikuwa ameketi pembeni yake kwenye kochi, anatetemeka. Watu wakacheka, wakafuta macho. Lakini nilikuwa nikiwatazama, na mimi ni fundi wa jambo hili: kila aliyesimama alimtazama aliyetangulia kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. Kila mmoja alisema "Bra Jabu wangu". Nikajua siko peke yangu katika ugonjwa ule, ila wao waliugua wakimpenda, na mimi niliugua kwa sababu alipendwa.

Kisha mke wangu akasimama. Espérance, ambaye tangu azae namwita Mama Aline, lakini katika kisa hiki atakuwa Espe, maana ndivyo alivyokuwa. Alikunja leso, akaenda mbele. Kabla sijaandika alichosema, lazima nirudi kwenye mwaka ule.

Tulikuwa na miezi minane ya ndoa. Tulikaa mtaa wa Berea, ghorofa ya tatu, katika chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia la maua mekundu. Upande wa dirisha alikaa Mama Régine, mjane wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kukohoa. Upande wa mlango tulikaa sisi. Jiko lilikuwa la wote, na harufu ilikuwa ya wote: ndagala, wale dagaa wa kwetu, wa kukaanga, sombe la majani ya muhogo linalochemka tangu asubuhi, mafuta ya nywele yaliyoganda kwenye vidole vya Espe. Yeye alisuka nywele sokoni Warwick, pale chini karibu na wauza dawa za mizizi, ameketi kwenye kreti la soda kutwa nzima. Mimi nililinda magari Morningside, nimevaa kizibao cha njano, naonyesha watu kwa mikono mahali pa kuegesha ambapo walikuwa wamekwisha kupaona. Jioni tulirudi tumechoka, tukala, tukazungumza habari za miguu yetu inavyouma, tukalala. Niliamini hiyo ndiyo ndoa, na kwamba nilikuwa nikiifanya vizuri.

Redio ilikuwa ya Mama Régine, juu ya friji lake dogo lisilogandisha. Jumapili tukitoka kanisani, mimi nilivua shati mlangoni. Espe hakuvua. Alikaa na gauni lake la kanisa, lile la buluu lenye mkanda, mpaka saa kumi na moja. Nilimwuliza siku ya kwanza, "Mbona hubadilishi nguo? Utamwagia mafuta." Akanijibu bila kunitazama, "Sasa nitavua aje mbele ya Bra Jabu?" Mama Régine akakohoa kicheko chake. Nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa mzaha. Saa nane ikafika, ikaja sauti ile ya chini, nzito, isiyo na haraka, ikasema kwa Kiingereza maneno aliyofungulia programu kila wiki: "Durban, vua viatu." Na mke wangu akavua viatu. Akaviweka sambamba kando ya friji, akakunja miguu chini yake juu ya mkeka wa Mama Régine, ng'ambo ya pazia. Nilikuwa nimemwambia mara ngapi akirudi kutoka Warwick, Espe, vua viatu, pumzika? Alinijibu kila mara, "Ngoja kwanza nipike."

Nilijilaza kitandani upande wangu nikasikiliza wakisikiliza. Mtangazaji akisema sentensi, Espe aliirudia polepole kwa ulimi wake, kama mtoto anayeonja kitu. Kiingereza chake chote alikitoa pale. Akitaniwa na sauti ile, alicheka kabla utani haujaisha, na kilikuwa kicheko nisichokijua, kinaanzia tumboni. Wakati mwingine aliacha ugali ukaungua chini kwa sababu wimbo haujaisha. Na siku moja, baina ya wimbo na wimbo, nilimsikia Mama Régine akiuliza, "Mais chérie, mpenzi, huyu mtu unamsikia nini hasa? Ni mzee labda. Labda hata hana meno." Espe akasema, "Mama, huyu iko anajua kusikiliza watu. Unaona anavyosoma barua? Hakimbizi. Deo yeye akiingia anauliza chakula iko wapi."

Deo ni mimi. Pazia lile lilikuwa jepesi. Walikiona kivuli changu na walijua niko macho. Alilisema bila ubaya, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Nikageukia ukuta. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimevuka mipaka minne kwa miguu na malori, na nilikuwa nashindwa na mtu ambaye hakuwa hata na mwili.

Kumbe alikuwa nao, na nilikuwa naulinda. Kulikuwa na mzee mfupi, mwenye upara na miwani mikubwa, aliyekuja na gari jekundu lililochakaa kila Alhamisi asubuhi, anabeba mfuko wa plastiki umejaa santuri, anaingia jengo la kona mbali kidogo na robot, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani. Ndiye pekee aliyeniuliza jina. Aliniletea magwinya, yale maandazi ya huku, yakiwa bado ya moto kwenye karatasi, akala moja pamoja nami amesimama, akaniuliza nyumbani ni wapi, na nilipomjibu alingoja, kama vile jibu lina mkia. Alisema kidogo sana, tena kwa kunong'ona. Nilimpenda. Miezi miwili nikimpenda. Halafu Alhamisi moja ya mvua alishuka garini, akanitazama nilivyolowa, akasema kwa ile sauti, polepole, "Bafo, viatu hivyo vivue, vitakuua." Bafo ni kaka kwa maneno ya mtaani hapa. Nilisimama na kizibao changu kinachuruzika maji, nikahisi kama mtu aliyegundua kwamba rafiki yake ndiye mwizi.

Sikumwambia Espe. Furaha ambayo ningempa kwa sentensi moja, nikiingia tu mlangoni, niliibana wiki tano. Lakini mwaka mpya ulipoingia, kituo kilitangaza anwani ya kupeleka barua kwa mkono, na Mama Régine akapiga kelele kupitia pazia, "Deo! Si ndiyo hapo unapolinda magari?" Nikasema ndiyo, labda. Espe alikuja upande wetu na macho makubwa. "Umeshamwona?"

"Kuna watu wengi pale," nikasema.

Barua ya kwanza niliipeleka. Ilikuwa salamu tu, mistari sita, na Mama Régine alimsaidia kuiandika. Jumapili iliyofuata Bra Jabu akaisoma. Alilitamka jina lake kwa Kifaransa, sawasawa kabisa, Espérance, akalirudia mara mbili, akalitafsiri, akasema, "Kumbe tuna Matumaini yanakaa Berea." Espe alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kuanzia Jumatatu ghorofa nzima ilimwita Espe wa Bra Jabu. Kijana wa duka la simu pale chini aliniambia, "Kaka, bibi yako iko staa sasa, wewe ni bodigadi." Nikacheka naye. Nilikuwa nimekuwa hodari wa kucheka. Alhamisi Bra Jabu alinipa gwinya na kuniuliza, "Aliyeandika ile barua uliyoileta, ni wa kwako?" Nikasema, "Ni jirani." Mpaka leo sijui kwa nini jibu hilo lilitoka, lakini lilipotoka niliona ni tamu.

Mwezi wa tatu Espe akanipa barua ya pili. Hii aliiandika peke yake, kwa siku nyingi, na bahasha aliifunga kwa gundi na utepe juu yake. "Hii mpe mkononi," akasema. "Isiingie kwa mlinzi, isiingie kwa sekretari. Mkononi, Deo. Tafadhali." Hakuwahi kuniambia tafadhali kwa sauti ile. Niliitia katika mfuko wa ndani wa jaketi langu la kazi, wenye zipu. Alhamisi Bra Jabu akaja, tukala maandazi, akaingia ndani. Barua ikabaki mfukoni. Nilijiambia wiki ijayo. Espe aliniuliza kama nimeifikisha, nikasema nimeifikisha. Ni uongo mdogo mdomoni; uzito wake unaujua ukishaubeba.

Wiki ya tatu niliifungua. Niliketi nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, na kamusi ndogo ya Kiingereza niliyoiazima kwa Mama Régine, nikidhani nitakuta maneno ya mapenzi. Juu ilikuwa na tarehe, ameiandika vizuri, kama tulivyofundishwa shuleni. Chini yake hakukuwa na mapenzi. Alikuwa anawatafuta mama yake na mdogo wake, Consolata. Mimi nilijua tu kwamba walipoteana njiani. Ndivyo alivyoniambia, maneno mawili, na mimi sikuuliza la tatu, maana kila mtu wetu amepotezana na mtu. Lakini kwa Bra Jabu aliandika yote. Alimwandikia lori lilivyokuwa limejaa, watu wanavyosukumana, mama amebaki nyuma katika vumbi. Alimwandikia kwamba alikuwa amemshika Conso mkono, na mfuko wa nguo ukawa unateleza, na yeye akauachia mkono ili adake mfuko. Kulikuwa na neno pale lililonishinda. Nililitafuta kwenye kamusi, na lilikuwa hilo, kuachia. "Nguo zile nilizivaa mpaka zikachanika," aliandika. "Naomba utaje majina yao. Watu wetu wengi wanakusikiliza."

Mtu mwema angepanda mbio ngazi za kituo. Nimekuwa nikimtafuta huyo mtu mwema ndani yangu miaka yote hii ili nimwulize alikuwa wapi. Mimi nilikaa karibu na mapipa na nilichohisi kilikuwa wivu, wivu mtupu, mkubwa kuliko ule wa viatu na wa gauni la buluu. Alimwambia yeye. Mimi niliyelala kandokando yake, ninayejua anavyosaga meno usingizini, nilipewa maneno mawili, na mgeni wa kwenye redio akapewa mkono ulioachiwa. Nikairudisha barua katika bahasha, nikafunga zipu. Nilitaka aniambie mimi kwanza. Nilijiahidi, akiniambia tu, hata nusu, siku hiyo hiyo nitaipeleka. Jioni nikamwuliza, "Espe, huna neno unataka kuniambia?" Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Neno gani? Chumvi imeisha."

Ikapita Aprili, ikapita Mei. Kila Jumapili Espe aliketi na gauni lake, na kila barua ilipoanza kusomwa alinyanyuka kidogo kwenye mkeka, na ilipokuwa si yake alirudi chini. Mwisho wa Juni, Jumapili moja, saa nane ikafika, Mama Régine akawasha redio, na Espe akaja upande wetu akavua gauni la buluu, akalikunja, akaanza kusugua sufuria. Mama Régine akaita, "Chérie, ameanza!" Espe akajibu, "Acha aanze." Nilikuwa nimeshinda. Chumba kilikuwa changu, mke alikuwa wangu, Jumapili nzima ilikuwa yangu. Alisugua sufuria ile moja mpaka wimbo wa tatu ukaisha. Hakucheka siku ile wala wiki ile, na wakati wa kula alinipakulia vizuri sana, kwa adabu, kama mtu anayempakulia mgeni.

Alhamisi nikaitoa barua. Bra Jabu alikuwa anafunga mlango wa gari. Niliinyosha bahasha juu ya paja langu, lakini ilikuwa imeshika umbo la kifua changu. Nikasema, "Hii ni ya mke wangu." Nikasema mke wangu. Akaichomoa barua, akatazama juu penye tarehe, akanitazama, akaiweka juu kabisa ya mfuko wake wa santuri.

Jumapili akaisoma yote, bila muziki nyuma. Aliyasoma majina yale mara tatu, akayatamka herufi kwa herufi. Na kabla ya kuanza alisema jambo ambalo watu wengi walilisahau, lakini mimi sikulisahau: "Espérance, nisamehe. Barua yako imechelewa, na kuchelewa ni kwangu." Espe alikuwa kwenye mkeka na nguo zake za kusugulia sufuria, analia bila sauti. Nilisimama kwenye pazia. Nilikuwa nimemwona Bra Jabu akiiona tarehe.

Jumatatu mchana simu ililia kituoni. Ilikuwa Conso, anapiga kutoka Maritzburg, saa moja na kitu kwa taxi. Mwaka mzima alikuwa amekaa pale, saa moja na kitu. Tulikwenda siku ya pili yake. Alikuwa msichana mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na Espe alipokiona kitambaa kile alisimama katikati ya njia. Mama yao alikuwa amezikwa wiki sita nyuma, mwishoni mwa Mei. Mapafu. Conso alituketisha kwenye kitanda ambacho mama alilalia, akatupa chai, akatueleza. Mwezi wa kwanza walikuwa wamesikia jina redioni, Espérance wa Berea. "Mama akasema, huyo ni mtoto wangu. Mimi nikamwambia, Mama, akina Espérance ni wengi. Akasema, ataandika tena, mimi namjua, huyo haandikagi mara moja. Basi kila Jumapili nilimwekea redio hapa kwenye mto. Kiingereza hakujua. Barua ikiisha ananiuliza, wamesema Espe? Namwambia bado, Mama." Chai ile niliinywa. Nakumbuka ilikuwa na tangawizi, na kwamba niliimaliza.

Alhamisi Bra Jabu hakuleta maandazi. Alikuwa amezungumza na Conso kwa simu, alijua habari ya mama. Alisimama karibu nami, tukitazama magari wote wawili. "Machi," akasema. Nikamwonyesha dereva mmoja mahali pa kuegesha. "Eish, bafo." Kisha akaongeza, "Mimi sitasema. Si yangu. Lakini mwambie wewe, ukiwa bado kijana. Mambo haya yanakomaa." Hakunikemea, na hilo nalo nilimchukia kwalo, kwamba hata katika kosa langu yeye ndiye aliyekuwa bora. Alhamisi iliyofuata akaniuliza kwa macho tu. Na iliyofuata. Mwezi wa tisa niliiacha kona ile, nikashuka Warwick, nikamwomba Mkongo mmoja anifundishe kutengeneza simu. Wanangu wanajua hadithi ya baba aliyekuwa mlinzi wa magari akawa na duka lake kwa bidii. Ni kweli kulikuwa na bidii. Lakini nilianza safari ile nikimkimbia mzee mwenye mfuko wa plastiki.

Sasa nirudi ukumbini. Espe alisimama mbele, akashika kipaza sauti kama mtu aliyekizoea, na kwa kile Kiingereza alichokichuma kwenye mkeka akawaeleza. Akamwonyesha Conso, aliyeketi nyuma yetu na wajukuu. Kisha akasema, "Barua zilikuwa nyingi. Yangu ilikaa kwenye foleni yake miezi minne, na katika hiyo miezi mama yangu alikufa. Nilimkasirikia, siwafichi. Lakini niambieni, mtu mkubwa gani amewahi kumwomba mkimbizi msamaha redioni? Nilimsamehe siku ileile." Watu wakapiga makofi. Akaendelea, "Na mume wangu ndiye aliyeifikisha mkononi mwake. Papa Aline, simama wakuone." Nikasimama. Walinipigia makofi mimi pia, yule nesi, yule dereva, yule mama wa Kihindi. Nilisimama nikayapokea, na mbele yangu kulikuwa na picha kubwa ya yule mzee na miwani yake, aliyesamehewa kosa langu.

Niliwaambia kwenye maegesho, wote wawili, Espe na Conso, wajukuu wakiwa wamekwisha kuingia garini. Sikuwa na maneno mazuri.

"Ile barua haikukaa kwenye foleni yake," nikasema. "Ilikaa kwangu. Mfukoni."

Espe akatabasamu kwanza, kama mtu aliyesikia vibaya. "Mfukoni siku ngapi?"

"Tangu uliponipa."

Conso alielewa kabla yake. Aliweka mkono juu ya gari. "Shemeji," akasema, "wewe ulikuwa kwetu. Ulikaa kwenye kitanda cha Mama. Nikakueleza habari ya redio kwenye mto, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukanywa chai."

"Nikanywa."

Espe hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini?" Nikasema, "Ulimwambia yeye. Mambo ya lori, ya mkono. Mimi hukuniambia." Alinitazama kama anajaribu kusoma maandishi ya mbali. Kisha akafungua mlango wa gari la mdogo wake, akaingia, wakaenda Maritzburg.

Alikaa huko siku kumi na moja. Aline alinipigia simu kuniuliza nimemfanya mama nini, nikamweleza na yeye, naye akakata simu. Nilifungua duka, nikafunga duka. Siku ya kumi na mbili, saa tisa mchana, nilikuwa nyumbani nikikunja nguo nilizoanua, nikasikia ufunguo. Aliingia, akaweka mfuko wake mezani, akaketi kwenye kiti kilichonielekea. Alionekana mzee, na mimi pia nadhani.

"Yeye nilimwambia kwa sababu sikumjua," akasema. "Wewe nilikuwa nakujua. Ukisikia kwamba mimi ni mtu wa kuachia mkono, ungelala vipi kando yangu?"

"Ningelala," nikasema.

"Sasa unasema hivyo." Akanyoosha kidole kwenye nguo mikononi mwangu. "Keti. Acha hizo nguo."

Nikaketi. Akaanza. Hakuanzia kwenye lori. Alianzia asubuhi ya siku ile, walivyokula viazi vitamu vya baridi, mama alivyogombana na jirani habari ya sufuria, wimbo aliokuwa akiuimba Conso njiani. Alinieleza kwa Kiswahili chetu, na mengi hayakuwamo kwenye barua, maana barua ilikuwa ukurasa mmoja na Kiingereza chake cha wakati ule kilikuwa kifupi. Alipofika kwenye mfuko ulioteleza alisimama, akajitazama mkono, akaendelea. Sikumkatiza. Sikuuliza chochote mpaka alipofika mwisho, na mwisho wake ulikuwa mbali, jua lilikuwa limehama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Pengine sitaweza. Conso naye asema hataki kukuona, na mimi sitamwomba." Alijifuta uso kwa nguo mojawapo kati ya zile nilizokuwa nimekunja, akaitazama, akaiweka kando. Kisha akainuka, akaenda jikoni, nikasikia akifunua sufuria moja, na nyingine, zote zikiwa tupu. Akauliza kutoka huko, kwa sauti ya kuchoka tu, "Siku zote hizi umekuwa ukila nini?"